Mchezo Ulioita Wachuma Kahawa

Foleni ya malori ya Tunduma, mpakani na Zambia, ina ukimya wake ambao mgeni hausikii. Mgeni anasikia honi, muziki wa baa, wauza maji na wabadilisha kwacha. Lakini ukitembea kando ya malori yenyewe, kama ninavyotembea mimi kila siku nikikusanya nyaraka za mizigo kwa ajili ya ofisi yetu, unawakuta madereva wamekaa kimya, vichwa vimeinama, vidole gumba vinafanya kazi. Mmoja anapanga peremende za rangi zilingane. Mwingine anacheza ludo na shemeji yake aliye Ndola. Mwingine anampigia kelele kuku wa kwenye kioo avuke barabara.

Kuna dereva mmoja wa Zambia ambaye mimi humsalimu "Mulishani", naye hunijibu kwa Kiswahili ili nijue kwamba anakijua. Siku moja nilimuuliza anapata nini humo.

"Dada yangu," akasema bila kuinua macho, "huku nje tangu asubuhi sijasogea hata tairi moja. Humu ndani nasogea."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Ndiyo maana mama yangu alipoanza kucheza, sikushangaa. Yeye pia alikuwa amesimama mahali pamoja.

Mama anakaa kijijini, juu ya Vwawa, kwenye nyumba waliyojenga na baba katikati ya kahawa waliyoipanda walipooana. Baba alishatangulia. Sisi watoto tulimnunulia mama simu ya kioo ili tuwe tunamwona uso, na kupitia simu hiyo akaingia kundi la akina mama wa kanisani, kisha mtandao wenyewe, kisha akampata mdogo wake. Mama mdogo aliolewa Isongole, kule Ileje karibu na mpaka wa Malawi. Kati yao kuna vilima, na kuna ile hali ya wanawake wenye mashamba: mmoja akipata nafasi, mwenzake ndiyo kwanza anapanda.

Mama mdogo ndiye aliyemwalika kwenye mchezo. Ulikuwa mchezo wa shamba. Unapewa kipande cha ardhi, kuku wachache, na ng'ombe anayecheka ukimgusa. Unapanda, unamwagilia, na mazao yanaiva chai yako ikiwa bado ya moto. Jirani yako akitaka, anaingia shambani kwako na kukumwagilia. Kiswahili cha mchezo huo kilikuwa kama cha mtu aliyejifunza lugha kwa kusoma maboksi ya dawa. Ukifungua asubuhi unaandikiwa: *Maharage yako yana furaha kukuona.*

"Haya ya kwangu ya kwenye udongo," mama aliniambia, "nimeyalima tangu nikiwa msichana, hayajawahi kuniambia hivyo hata siku moja."

Basi ikawa ndiyo salamu yao. Badala ya kuulizana mmeamkaje, mama mdogo alimwandikia dada yake: "Nimekumwagilia." Mama naye alijibu: "Asante, na mimi naja kwako nikishalisha kuku." Ukimsikia bila kujua, ungedhani mji wa Isongole uko nyuma ya choo chetu. Niliwaona ndugu wawili ambao kwa miaka walikutana misibani tu, sasa kila mmoja anaingia na kutoka kwa mwenzake kama walipokuwa wasichana. Kwa hilo sitausema vibaya mchezo ule.

Shida ilikuwa kitu kingine, na kilitokana na malezi mema. Mchezo huo ulikuwa unaomba ruhusa. Uliomba kuona majina ya watu kwenye simu. Uliomba kuandika kwa niaba ya mama. Kila mara uliuliza kwa adabu, kwa neno "tafadhali", na chini yake palikuwa na mahali pa kubonyeza: Ndiyo, Hapana. Mama alibonyeza Ndiyo zote.

Nilimkuta akifanya hivyo siku moja nimekwenda kumsalimu. Nikasema, "Mama, hicho wanachokuomba unakijua?"

"Sikijui."

"Sasa mbona unakubali?"

Aliniangalia kama vile nimekaa mezani bila kunawa. "Mtu akipiga hodi nyumbani kwako unamjibu nini?"

"Karibu."

"Haya. Huyu naye kapiga hodi. Kaniambia tafadhali. Nimkatalie kwa kosa gani?"

Nilijaribu kumweleza kwamba huyu si mtu. Mama akasema asiye mtu hasemi tafadhali, mjadala ukaishia hapo.

Mwaka ule kahawa ilizaa. Sijawahi kuiona hivyo. Matawi yaliinama hadi ukipita katikati ya mistari yanakupangusa magoti. Lakini mama goti lake moja lilikuwa limevimba tangu alipoteleza kisimani, na akisimama kwa muda mrefu alishika mti. Vijana ambao siku zote huja kuchuma kwa ujira walikuwa wamekwenda Saza kwenye mashimo ya dhahabu, na kijana aliyekwenda Saza humrudishi kwa kumwambia kuna kahawa. Mama alichuma peke yake kandokando ya nyumba, kidogo kidogo. Ndani kabisa ya shamba, kahawa ilipita uwekundu ikaanza kuwa nyeusi mtini. Kahawa ikifika hapo, kwenye kituo cha kumenya hawaitaki.

Na hapa ndipo baba mdogo anapoingia. Ni mdogo wake baba, jirani yetu, mtu mchangamfu, mcheshi, na asiye na subira hata kidogo. Yeye alishang'oa kahawa yake yote akapanda mahindi na parachichi. Alikuwa ametangaza kikao cha familia Jumapili baada ya ibada, na kila mtu alijua ajenda: kahawa ya marehemu kaka yake ing'olewe, shamba alime yeye, mama apewe sehemu ya mavuno akae apumzike.

"Shemeji," alimwambia mama nikiwepo, akicheka, ila macho hayakucheka, "shamba la kwenye kioo unalipalilia linang'aa. La kwenye udongo limekuwa pori. Sasa sisi tung'oe lipi?"

Mama akainuka akaenda kuchochea moto. Baadaye tukiwa jikoni nilimwambia, "Kwa nini usiite watu?"

Kwetu kazi kubwa ya shamba watu huitwa. Mwenye shamba anatuma neno, na aliyeitwa haulizi sababu. Anachukua kikapu chake anakuja. Mwenye shamba anapika. Kesho anaitwa yeye.

"Niite kwa mdomo gani?" mama akasema. "Msimu uliopita kwa wenzangu sikwenda, goti. Huu pia sijakwenda. Wakija hapa nitawalipa kwa kwenda kwa nani? Acha. Wakisema ing'olewe, ing'olewe."

Alisema hivyo akiwa ameshika simu, anachungulia maharage yake yenye furaha. Nilitaka kukasirika, nikakumbuka yule dereva. Humu ndani nasogea.

Nilirudi kazini Tunduma, na wiki ya kikao nikaomba ruhusa mapema, nikafika nyumbani Ijumaa jioni. Nilikuta simu ya mama iko juu ya kabati imelala. Bando la intaneti lilikuwa limekwisha tangu katikati ya wiki. Mchezo ulikuwa umelila lote kwa kuonyesha matangazo ya sabuni na mikopo. Mama aliniambia kwamba kabla halijakata, kule kwenye mchezo mazao yake yote yaliiva kwa pamoja, hakuweza kuyavuna peke yake, na mchezo ukamuuliza kwa upole kama angependa kuomba msaada kwa rafiki.

"Ukasema ndiyo."

"Nilisema ndiyo. Nilijua atakuja mdogo wangu. Halafu ikakata."

Tukala, tukalala. Hatukuzungumza habari za kikao.

Asubuhi nilikuwa nafagia uwanja nikasikia sauti za wanawake barabarani, nyingi, zikiongea Kinyiha na kucheka. Nikainua kichwa. Walikuwa wanakuja kwa mstari, kanga zimefungwa kiunoni, vikapu na ndoo vichwani, wengine na maturubai ya kuchambulia. Mbele alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisani, mwanamke mpana mwenye sauti ambayo haihitaji kipaza.

Mama alitoka mlangoni akichechemea, akashika mwimo. Nikamwona uso unabadilika. Umati wa akina mama nyumbani kwako asubuhi, kwetu una maana moja tu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hajafa mtu," mwenyekiti akasema. "Tumeitika."

"Mmeitika nini?"

"Si umetuita? Au tumekosea nyumba?" Akatua ndoo yake, akatoa simu kifuani, akaiweka mbali na macho ili asome. "Sikiliza. *Rafiki yako anaomba msaada wa mavuno. Mazao yake yameiva na yataharibika. Usimwache peke yake.* Jina ni lako, na picha ni yako ile uliyovaa kitenge cha Pasaka. Ilinifikia mimi, ikamfikia huyu, na huyu, na kwaya nzima. Hata mchungaji imemfikia. Tumekujibu kwamba Jumamosi tunakuja, hukusema asante. Nikasema huyu mwenzetu ana hali mbaya."

Nilielewa kabla ya mama. Yale yote aliyoyaruhusu kwa adabu, majina ya watu na kuandika kwa niaba yake, mchezo ulikuwa umeyatumia. Haukumwita rafiki mmoja. Ulikuwa umewaita wote aliokuwa nao.

Mama alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta maneno, na nilijua ni yapi: kwamba ni makosa, kwamba mazao yenyewe ni ya kwenye kioo, kwamba wamebeba vikapu vyao kuja kuvuna picha. Akageuka akaangalia shamba. Kutoka mlangoni unaona mistari ya mbele, na nyuma yake ule wekundu mzito uliokuwa unageuka giza. Akawageukia tena wanawake.

"Ni kweli," akasema. "Yameiva."

"Basi tuonyeshe pa kuanzia," mwenyekiti akasema, na wakampita.

Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Chakula! Nimeita watu sina hata maharage ya kuloweka!"

Nilikimbia hadi dukani nikachukua mchele na mafuta. Narudi, nikakuta bodaboda imesimama uwanjani, na juu yake, katikati ya gunia la maharage na mkungu wa ndizi, mama mdogo wa Isongole anajaribu kushuka bila kujivunjia heshima. Mama alimkimbilia na goti lake bovu.

"Wewe nawe umeletwa na ule ujumbe? Wewe mchezo si unaujua!"

"Ujumbe niliuona nikacheka," mama mdogo akasema, akijipangusa vumbi. "Nikaenda nikakuvunia vizuri tu, nyanya zako zote. Halafu hukuja kunimwagilia. Nikasubiri, hukuja. Nikasema dada yangu hawezi kuacha mimea yangu ikauke kama ni mzima. Nikapanda pikipiki. Goti liko wapi, nilione."

Hakuna aliyewahi kutoka Isongole kwa sababu ya simu isiyopokelewa. Lakini yeye alitoka kwa sababu ya mbogamboga za kuchora ambazo hazikumwagiliwa.

Shambani kazi ilikuwa imeshika. Kahawa haichumwi kwa kuparua tawi. Unachagua nyekundu, moja moja, unaacha ya kijani imalizie siku zake. Akina mama wale wanaifanya kazi hiyo huku wanaimba, wanasengenya na kupanga harusi, na vidole havikosei. Mwenyekiti aligawa mistari kwa sauti za kwaya: sauti ya kwanza huku, ya pili kule, ya tatu juu, na besi, ambao ni waume wachache waliofuata wake zao, bondeni.

Baba mdogo alikuja mchana. Alikuwa na kamba ya katani begani, ya kupimia vipande kabla ya kikao. Alisimama kwenye ukingo wa shamba akatazama, kamba ikiteleza begani.

"Shemeji, kuna nini hapa?"

Kabla mama hajajibu, mwenyekiti alitokea katikati ya matawi na kikapu kitupu akamkabidhi.

"Umechelewa, baba. Na kamba umeleta, vizuri, tutafungia magunia."

"Mimi nimekuja kwa shughuli nyingine, mama."

"Aliyeingia shamba lililoitiwa watu ana shughuli moja. Au desturi imeng'olewa pamoja na kahawa yako?"

Kicheko kilitoka kwenye miti, kwa sauti zote nne. Baba mdogo ni mcheshi, na mcheshi wa kweli anajua akishindwa. Aliweka kamba chini akaanza kuchuma. Baada ya muda nilimsikia akimlalamikia jirani yake wa mstari kwamba amesahau jinsi kahawa mbivu inavyonata vidoleni, na hakulalamika kwa ubaya.

Tulikula kwenye kivuli cha nyumba, wali na maharage ya Isongole. Hapo ndipo mama aliposhindwa kuvumilia. Alisimama na upawa mkononi.

"Wenzangu, siwezi kuwalisha na uongo. Sikuwaita mimi. Ni mchezo. Kuna mchezo wa shamba kwenye simu, ndio uliowaandikia. Mazao yaliyoiva ni nyanya za humo ndani."

Nikamwangalia mwenyekiti. Alimaliza kutafuna kwanza.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua?"

"Ujumbe ule chini una pa kubonyeza. Nikabonyeza. Akanijia ng'ombe anacheka. Unadhani mimi sijui kwamba ng'ombe wa kweli hacheki? Mjukuu wangu akaniambia, bibi, huo ni mchezo. Wote humu walibonyeza, wote walimwona huyo ng'ombe."

"Sasa mmekuja kwa nini?"

Mwenyekiti akaweka sahani chini. Sauti yake kwa mara ya kwanza siku hiyo ikawa ndogo. "Kila Jumapili tunapita barabara hiyo. Kahawa tunaiona. Unachechemea tunakuona. Lakini hukutuita. Nani atakuingilia shambani hujamwita? Ni kukuambia mbele ya kijiji kwamba umeshindwa. Tukawa tunapita, tunanyamaza. Halafu simu yako ikatuita. Nikawaambia wenzangu, mchezo au si mchezo, jina ni lake, ameita. Twendeni kabla hajajua."

Mama alikaa chini palepale kwenye ngazi, akajifunika uso kwa upawa. Alikuwa anacheka. Mama mdogo naye akacheka, kisha uwanja mzima, na baba mdogo alicheka hadi akapaliwa na wali.

Jioni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilikuja kubeba magunia. Nilikwenda nacho hadi kituo cha kumenya, mama amekaa mbele. Pale kahawa humwagwa kwanza kwenye birika la maji. Nyepesi, iliyokaukia mtini au iliyotobolewa na wadudu, huelea, nayo huondolewa. Nzuri huzama. Mpimaji alimwaga gunia la kwanza na sote tukainama ukingoni. Zilielea chache, zikazunguka zikijitafutia mahali. Nyingine zote zilikwenda chini, nyekundu, kama mvua ya mawe inayoangukia ndani. Mpimaji alimwaga la pili, la tatu. Ilikuwa hivyohivyo.

"Mama, hii kahawa amechuma nani?" akauliza.

"Kwaya," mama akasema.

Kesho yake kikao kilifanyika, maana baba mdogo alikuwa ameshakitangaza. Alikifungua kwa sala, akasema kwamba suala la kung'oa limeahirishwa hadi atakapofariki yeye, kisha akauliza kama kuna wali uliobaki.

Mama hakuacha mchezo. Nilimfundisha pa kubonyeza Hapana, tukafanya mazoezi kama watoto wa chekechea. Mwanzoni kila alipokataa kitu alisema "samahani" kwa sauti, na sasa anakataa kimyakimya. Simu haina tena ruhusa ya kumwandikia mtu. Bando analiwekea mpaka wake, na likikata anampigia mdogo wake simu ya kawaida kumwambia nyanya zisubiri.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni mchumo wa pili, maana kahawa haiivi kwa siku moja, na ile ya kijani tuliyoiacha nayo ilifika zamu yake. Jumapili hiyo, wakati wa matangazo, mama alisimama kanisani. Sijawahi kumwona akisimama wakati wa matangazo. Alishika benchi la mbele, goti likimtetemesha kidogo, akasema kwa mdomo wake mwenyewe, neno kwa neno:

"Rafiki yenu anaomba msaada wa mavuno. Mazao yake yameiva na yataharibika. Msimwache peke yake."

Kisha kutoka mabenchi ya nyuma, upande wa wanaume, ikaja sauti ya baba mdogo:

"Tubonyeze wapi, shemeji?"

Mchungaji mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka. Mama alisubiri hadi wakatulia, akajinyoosha wima kabisa, na sijui kama goti lilimuuma wakati huo au la.

"Bonyezeni vikapu," akasema. "Jumamosi. Wali upo."